Kidole cha Mzee Asajile

Bunduki ya kijiji cha Kalwesa ilichaguliwa kwa kidole, na kidole chenyewe kilikuwa cha Mzee Asajile.

Ilikuwa mwaka 2001, katika duka moja la silaha Mbeya mjini. Walikwenda watu watatu: Mzee Asajile mwenyewe, Tuntufye aliyekuwa mwenyekiti wa kijiji, na Anania, mkwe wa Mzee Asajile, ambaye jina lake ndilo lililoandikwa kwenye kibali. Kijiji kizima kilikuwa kimechanga mpunga kaya kwa kaya, baada ya nguruwe pori kuyamaliza mahindi yao misimu miwili mfululizo. Serikali haitoi leseni ya bunduki kwa kijiji, inatoa kwa mtu, kwa hiyo kikao kikamteua Anania. Alikuwa mtulivu, hanywi, hana ugomvi na mtu, na kabla ya kuoa aliwahi kuwabebea wawindaji mizigo yao huko bonde la Rukwa. "Huyu bunduki anazijua," walisema, na kwa hilo hawakukosea.

Mwenye duka, mtu wa pwani aliyeitwa Masudi, aliweka bunduki mbili juu ya meza. Moja ilikuwa raifo ya mtutu mmoja, ile waliyoiita tatu saba tano. Nyingine ilikuwa shotigani namba kumi na mbili, mitutu miwili imelala ubavu kwa ubavu.

"Mnataka kupiga mnyama gani?" aliuliza.

"Wote," alijibu Mzee Asajile.

Masudi alicheka kwa heshima. "Mzee wangu, bunduki ya wote hakuna. Hii shotigani ni ya kanga, ya ngedere, na ya nguruwe akikusogelea. Inamwaga vidonge. Mnyama mwenye ngozi nene, nyati au kiboko, anataka hii raifo. Risasi ni moja, lakini nzito, na inaingia mpaka ndani kabisa."

Mzee Asajile aliisogelea meza. Alichomeka kidole chake cha shahada kwenye mdomo wa shotigani, kikazama mpaka kwenye fundo. Akakichomoa, akakifuta kwenye koti, akajaribu raifo. Kidole cha shahada kiligoma. Akajaribu kidole cha mwisho, nacho kikaishia kwenye ukucha. Akamgeukia Tuntufye huku akikiinua hicho kidole kidogo watu wakione.

"Mwenyekiti, tumewachangisha watu mpunga wao ili tuwapelekee tundu la sindano?"

Tuntufye alicheka mpaka akakohoa. Masudi akaona wazee hawa hawamfai, akamwendea mwenye leseni. "Bwana Anania, silaha itakuwa yako. Wewe unasemaje?"

Anania alijua. Nisimsingizie mtu, lakini hili lazima lisemwe mapema: alijua kuliko wote waliokuwa mle dukani, labda kuliko hata Masudi aliyezikalia bunduki hizo kila siku. Kule Rukwa alikuwa amemwona kwa macho yake mwindaji mmoja mlevi akimpiga kiboko marisawa, yaani vile vidonge vya shotigani, na mfuata nyayo wa msafara akanong'ona kwamba huko si kumpiga, ni kumtekenya. Watu walipanda miti siku hiyo.

Lakini Anania alikuja Kalwesa kutoka milima ya Ileje akiwa na begi moja tu. Shamba alilolima alikatiwa na Mzee Asajile. Kiwanja alichojengea alionyeshwa na Mzee Asajile. Mke aliyelala naye, Ferista, alizaliwa na Mzee Asajile. Na huko alikokulia, baba wa mkeo hasahihishwi mbele ya mgeni, hata akisema jua linachomoza Tunduma na kuzama Vwawa. Tena akajiambia, kiboko atoke wapi Kalwesa? Shida yetu ni nguruwe.

"Analosema mzee ndilo," alijibu.

Masudi alimtazama kidogo, kisha akaanza kuandika.

Na kwa miaka saba Anania alionekana mtu mwenye bahati. Shotigani ile iliwakomesha nguruwe. Iliwafukuza ngedere kwenye mahindi mabichi, na Jumapili moja moja ilileta kanga mezani. Watu waliipa jina, Mdomo Mpana, na Mzee Asajile hakuhudhuria harusi wala ubatizo bila kusimulia habari ya kidole chake. Kila aliposimulia aliongeza chumvi, mpaka ikafika mahali Masudi wa watu akawa tapeli aliyetaka kuwauzia bomba la baiskeli. Anania alikaa pembeni akitabasamu, anakula wali wake. Jambo lililonyamaziwa mara moja ni rahisi kulinyamazia mara ya pili, na ya kumi.

Mwaka 2008 mvua zilikatika mapema. Mto Momba ulikonda, ukabaki madimbwi, na kati ya madimbwi hayo moja tu, lile la chini ya mkuyu, ndilo lililokuwa na maji ya kutosha kijiji kizima. Mwezi wa tisa akaja kiboko dume, peke yake, ana kidonda begani. Bila shaka alikuwa amepigwa na wenzake huko chini wakamfukuza. Akaingia dimbwini, akaona panamfaa, akabaki.

Wanawake wakawa wanachota kwa zamu, mmoja anainama na ndoo, wawili wanalinda kwa mawe. Ferista alikuwa miongoni mwao kila asubuhi na kila alasiri, kwa sababu maji hayaji yenyewe nyumbani. Anania alikuwa akimsindikiza mpaka ukingoni, bunduki begani. Aliibeba kwa ajili ya macho ya watu. Yeye mwenyewe aliiona sawa na fimbo.

Siku ya tisa kiboko alimkata Isaka, fundi baiskeli, aliyekuwa akivuka na mzigo wa mihogo. Wakamzika kesho yake. Kaburi halijakauka udongo, kikao kikaitwa uwanja wa shule.

"Mwenye bunduki yuko wapi?" aliuliza Tuntufye.

Anania alisimama. "Ndugu zangu, bunduki hii kwa kiboko ni ndogo," alisema.

Kikazuka kicheko. Si kicheko cha furaha, maana watu walikuwa na msiba, bali kile cha kumwonea mtu aibu. Mdomo Mpana ni ndogo? Watoto waliokuwa madirishani waliinua vidole vyao vya shahada.

"Mkwe wangu anaogopa," alisema Mzee Asajile, kwa upole kabisa, na upole huo ulimuumiza Anania kuliko tusi. "Kuogopa si dhambi. Mwanangu, hukuogopa nguruwe. Huyu naye ni nguruwe, ila kanenepa."

"Baba, si woga. Ni risasi zenyewe. Vidonge vyake havifiki ndani."

"Vikiwa viwili havifiki? Matundu si mawili?"

Sasa umjibu nini mtu kama huyo? Anania alitazama nyuso zilizomzunguka. Zilikuwa nyuso za watu waliochanga mpunga wao, na wote walikuwa wanasubiri mpunga wao uzungumze. Angeweza kusema hapo hapo kwamba dukani waliambiwa, kwamba mwenye duka alitaja kiboko kwa jina. Tuntufye alikuwepo, alisikia. Lakini Tuntufye alikuwa akikagua kucha zake. Na Mzee Asajile alikuwa amesimama katikati ya kijiji alichokianzisha, umri wa miaka sabini na mbili, kidole chake kinajulikana mpaka vijiji vya jirani.

"Nipeni siku nne," alisema Anania. "Niende wilayani, nimlete Bwana Nyama. Wao wana raifo za kazi hii."

Wakampa nne, kwa shingo upande.

Ofisini alimkuta karani mmoja tu, anakunywa chai. Bwana Nyama, yaani afisa wa wanyamapori, alikuwa amekwenda kushughulika na tembo upande mwingine, na gari alikuwa nalo yeye. "Andika barua," karani alimwambia. Anania aliandika. "Mhuri wa mtendaji uko wapi?" Hakuwa nao. "Na mwambie mwenyekiti wako," karani aliongeza huku akichovya mkate, "msithubutu kumgusa huyo kiboko bila kibali. Ni mali ya serikali."

"Na akituua?"

"Akiwa anakuua, hapo unajitetea. Sheria inaruhusu."

Siku ya tatu akapanda lori mpaka Tunduma kwa Salum, mfanyabiashara aliyenunua mpunga wa Kalwesa kila mwaka. Alimkuta dukani kwake eneo la Mpemba, anabishana na Mzambia juu ya gunia lililolowa. Salum alikuwa na bastola. Tunduma nzima ilijua, na yeye alitaka ijue, maana alikuwa amevamiwa mara mbili.

"Karibu, Bwana Anania. Mbona uso umekushuka hivyo?"

Anania alimweleza yote, na mwisho, bila kukusudia, akamweleza na habari ya dukani. Alikuwa hajawahi kumwambia mtu. Salum hakucheka. Alifungua droo, akatoa kile kibastola chake, akakiweka juu ya kaunta.

"Tazama. Mimi nilipokwenda kuchagua, vijana hapa waliniambia nichukue bunduki kubwa, ya kutisha. Nikauliza, atakayenivamia atakuwa umbali gani? Wakasema, hatua tatu, nne. Chumbani humu. Bunduki ndefu nitaigeuzaje kati ya magunia? Nikachukua hiki, milimita tisa. Nilichagua kwa ajili ya mtu, akiwa karibu, nikiwa na hofu. Nyie mlichagua kwa ajili ya nani?"

"Kwa ajili ya mzee," alisema Anania.

Salum alirudisha bastola yake kwenye droo. "Basi kamwambie mzee."

"Siwezi."

"Kuna raifo ya mtu hapa Tunduma, lakini leseni ina jina lake. Akikuazima mnafungwa wote wawili. Mimi sina la kukusaidia, ndugu yangu. Huyo kiboko ana mzee nyuma yake."

Anania alirudi Kalwesa na barua isiyo na mhuri. Mtendaji akaigonga mhuri, ikapelekwa na mtu wa baiskeli, na hiyo ilikuwa siku ya nne.

Alasiri ile Ferista alikuwa anachambua mchele nje ya jiko. Anania alikaa karibu naye juu ya kinu, akaisafisha bunduki ambayo ilikuwa safi tayari.

"Baba anasema kesho," alisema Ferista.

"Najua."

"Anasema atakuwa na wewe bega kwa bega, na mkuki wake." Akapeta, akapuliza makapi. "Usiogope, baba watoto. Baba yangu alichagua bunduki nzuri. Kama si hiyo, watoto hawa tungewalisha nini miaka yote hii?"

Neno lilimjia Anania mpaka kwenye meno. Angemwambia Ferista, naye angekwenda kwa baba yake, binti angeweza kusema yale ambayo mkwe hawezi. Alimtazama alivyokuwa ameinamia ungo, anatoa mawe madogo na kuyatupa kwa kuku, hana wasiwasi hata kidogo kwa sababu alimwamini baba yake na alimwamini mumewe. Anania alifunga bunduki, akainuka kwenda kufungia mbuzi.

Walishuka mtoni jua likiwa limeshapanda. Watu walibaki juu ya ukingo, kijiji kizima, kama wamekuja kwenye mpira. Anania alikuwa amejipangia siri yake: angepiga hewani, mara mbili, mlio peke yake huenda ukamtisha mnyama akahama. Watu wangemlaumu kwa shabaha mbovu, na lawama ya shabaha angeibeba.

Lakini Mzee Asajile alikuja kusimama naye hasa bega kwa bega, na mkuki, akiwa amevaa lile koti la siku ya dukani. Kiboko alikuwa dimbwini, hatua ishirini hivi, macho na pua tu juu ya maji.

"Baba, rudi kidogo kwenye miti."

"Nirudi? Mimi ndiye niliyeileta bunduki hii." Mzee alimshika Anania kiwiko, akakishusha, polepole, mpaka mitutu ikamwangalia kiboko usoni. "Hapo. Kati ya macho. Mbona unalenga mawingu, mwanangu?"

Mkono ule haukuwa na nguvu yoyote. Anania angeweza kuusukuma kwa kidole kimoja. Hakuusukuma.

Alipiga. Maji yaliruka, kichwa kikazama, na juu ya ukingo watu wakapiga kelele za shangwe. Mzee Asajile aliinua mkuki. Alikuwa bado ameuinua, anawageukia watu wake, kiboko alipotoka. Alitoka upande wa mkuyu, uso umetapakaa damu kama mtu aliyekwaruzwa na miiba, mzima kabisa, na mbio zake hazikuwa za mnyama mnene. Anania alipiga mtutu wa pili akiwa karibu kiasi cha kumgusa. Matundu yalikuwa mawili kweli, na yote mawili sasa yalikuwa matupu. Alifungua bunduki kutia risasi nyingine, vidole vikamkatalia, risasi zikaanguka matopeni. Alikuwa ameinama anazitafuta aliposikia sauti ya Mzee Asajile, mara moja, na haikuwa neno.

Kiboko alirudi majini. Hakuna aliyethubutu kushuka kuuchukua mwili mpaka jua lilipokuwa utosini.

Kijiji kilimlilia Mzee Asajile siku tatu kwa nyimbo za kanisani. Watu walimjia Anania wakamshika mkono, wakamwambia amefanya kazi ya mwanamume, alipiga mara mbili na wote waliona. Tuntufye ndiye aliyezungumza kaburini. Alisema bunduki ilikuwa nzuri, ila kiboko yule hakuwa wa kawaida, alitumwa. Watu wakaitikia. Anania alisimama na kofia mkononi, akamtazama Tuntufye, na Tuntufye akakagua kucha zake.

Bwana Nyama alifika siku ya nane tangu mzee afe, na barua ile yenye mhuri mfukoni. Alikuwa mtu mfupi, mchovu, amevaa kandambili. Alishuka mtoni na raifo, akakaa juu ya jiwe, akasubiri kiboko atoe kichwa. Ukasikika mlio mmoja. Kiboko akazama kimya, na baada ya muda akaelea, tumbo juu. Watu hawakushangilia. Walikuwa wameduwaa, maana hata mlio wenyewe haukuwa mkubwa kuushinda wa Mdomo Mpana.

Wanaume waliingia majini na kamba na mapanga. Bwana Nyama alitoa risasi zilizobaki, akaiegemeza raifo kwenye shina la mkuyu, akaomba maji ya kunywa. Ferista ndiye aliyemletea. Alikuwa amejifunga kaniki ya msiba kichwani.

Alipomaliza kumpa maji hakuondoka. Alisimama mbele ya raifo, akautazama mdomo wake. Anania, aliyekuwa ameshika ncha ya kamba, aliacha kuvuta. Ferista aliinua mkono, akachomeka kidole cha shahada. Kikagoma. Akajaribu kidole cha mwisho, na hata chake, kidole cha mwanamke, kiliishia kwenye ukucha.

"Shangazi, hapana, hiyo si ya kuchezea," alisema Bwana Nyama.

"Samahani, bwana." Alikitoa kidole. "Hii ndiyo ya viboko?"

"Ndiyo. Kila mwenye duka la silaha atakwambia hivyo."

Ferista alimwendea mumewe. Alisimama karibu kabisa, ili watu wasisikie.

"Baba aliambiwa?"

"Aliambiwa."

"Na wewe ulikuwa unajua?"

Angesema hapana, na Kalwesa nzima ingemsaidia kuusimamisha uongo huo. "Nilikuwa najua," alisema.

Alisubiri amfokee. Alisubiri kofi, kilio, laana ya ukoo mzima, chochote ambacho kingemfanya apige magoti. Alitamani kumwambia habari ya shamba, ya kiwanja, ya begi moja alilokuja nalo, habari ya mkono mwepesi uliomshusha kiwiko. Yote yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililokuwa na uzito wa kutosha.

Ferista alichukua ndoo yake, akashuka mpaka ukingoni, akainama mahali palepale alipokuwa akichota siku zote. Safari hii hakukuwa na mtu wa kumlinda kwa mawe. Hakugeuka kutazama kama mumewe yupo. Alijaza ndoo, akajitwisha, akapanda njia ya nyumbani kwa baba yake.